Zamu ya Kujibu Salamu

Wanafunzi wangu wa zamani wakikutana nami sokoni Wete hunikumbusha mambo mawili: mwandiko wangu wa ubaoni na sheria yangu ya mlangoni. Mwandiko sitousema, kwa kuwa kujisifu si adabu, ingawa ulikuwa mzuri. Sheria ilikuwa hivi. Anayeingia darasani kwangu, awe mtoto aliyechelewa, mwalimu mwenzangu au mkaguzi, husimama kizingitini akatoa salamu, na darasa zima husimama likaitika. Kisha tunamuuliza hali. Hajambo? Nyumbani hawajambo? Wazee je? Akishajibu yote ndipo anapoingia, na mimi ndipo ninapoishika chaki.

Sheria hiyo sikuitunga kwa uchamungu peke yake. Niliitunga miaka ile vyama vilipokuwa vingi, nami ni mwalimu kijana, na watu wa mtaa mmoja wakawa hawaamkiani kwa sababu ya bendera. Watu wanapishana njiani kimya, na wengine hata msibani hawakanyagi. Watoto nao wakayaleta hayo darasani: hawa wakakaa upande wa dirisha, wale upande wa mlango, na hapana aliyemwazima mwenzake kifutio. Nikasema wakubwa siwawezi, lakini humu ndani kila mtu atamsalimia kila mtu, atake asitake. Mwanzo walisalimiana meno yameumana. Muhula ulipokwisha walikuwa wameshasahau walichonuniana. Tangu hapo, aliyeigusa salamu ya darasa langu alikuwa amenigusa mimi.

Nayaeleza haya mapema ili msinicheke kabla ya wakati wake. Ninayotaka kuyasimulia yalitokea nilipobakiwa na miaka michache tu ya kustaafu, nikifundisha darasa la sita katika skuli moja ya upande wa Gando. Walimu wenzangu walikuwa wanatumiana picha na maandalio ya masomo kwa simu za kupangusa. Mimi nilikuwa na simu ya kubonyeza, nayo niliifunga mpira ili betri isitoke. Wakinicheka nawaambia mimi naandaa somo kwa kalamu. Nilikuwa najivunia ujinga wangu, jambo ambalo mwanafunzi angelifanya ningemtoa nje.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja aliyewahi kunisahihisha mbele ya mkaguzi. Nilichora duara ubaoni, nikalipaka sehemu yake, nikasema robo tatu. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, hino si robo tatu. Ni thuluthi mbili." Akawa na haki. Nilikasirika kutwa nzima, na siku ya pili nikamhamishia dawati la mbele.

Likizo ya msimu wa karafuu alikwenda kwa bibi yake, Kiuyu, kusaidia kuchuma. Tawi likamkatikia. Akaanguka, akavunjika mfupa wa paja. Hospitali walimfunga plasta kuanzia kiunoni mpaka mguuni, wakasema alale tu, mguu asiukanyage kwa muda wa miezi mitatu. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga na hakuweza kumuuguza, kwa hiyo akabaki Kiuyu kwa bibi. Mtihani wa darasa la sita ulikuwa umebaki miezi mitatu na siku chache.

"Atarudia mwakani," alisema mwalimu mkuu.

Hilo neno mwakani nalijua vyema. Msichana huyu alikuwa na dada zake wawili, na wote niliwafundisha mimi. Mmoja alikatisha kwa kumuuguza mtu, mwengine kwa kuugua mwenyewe. Wote waliambiwa mwakani. Mwakani ilipofika iliwakuta jikoni, na ya pili yake ikawakuta wameolewa. Kuolewa ni jambo la kheri, sisemi, lakini wangeweza kuolewa wakiwa wanajua asilimia.

Ijumaa moja baada ya sala nikenda Kiuyu kumtazama, na machungwa na madaftari yake mkononi. Bibi yake alikuwa mrefu, mkavu, na mtu wa salamu kunishinda mimi. Aliniuliza hali yangu, ya mke wangu, ya watoto mmoja mmoja, ya baba yangu aliyefariki zamani na ya ng'ombe. Nikafurahi, nikasema huyu ni mtu wangu. Ndani, msichana alikuwa amelala chali kitandani, uso ameuelekeza ukutani.

"Mwalimu, saa hino mwasoma nini?" akaniuliza bila ya kugeuka.

"Asilimia."

"Mie nasoma makuti. Nshayahesabu yote ya paa hino."

Hapo mdomo wangu ukaitangulia akili yangu. Nikasema, "Jumatatu ijayo utakuwamo darasani, papo hapo ulipolala." Akageuka. Bibi akauliza itakuwaje hiyo. Nikajibu, "Kwa mtandao," kwa sauti ya mtu anayeujua. Shangazi yake, aliyekuwa akishona cherehani barazani, akasema yeye ana simu ya kupangusa na asubuhi haendi popote. Basi nikawa sina pa kutokea.

Nyumbani nilipomwambia mke wangu kwamba ninakwenda kujifunza mtandao, alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu na wenzake hutanda dagaa: wanawake wawili wanashika ncha za kitambaa chepesi, wanaingia baharini mpaka kiunoni, na wenzao wanawaswaga dagaa waingie. "Weye?" akasema. "Weye maji ya magotini wayaogopa, leo wenda kutanda?" Nikamweleza kwamba huu ni wa simu. Akapangusa machozi. "Haya. Lakini jua, kutanda hakutandi mtu mmoja. Lazima na mwenzio ashike ncha ya pili."

Mwanangu aliyeko Unguja akanipelekea simu yake ya zamani, iliyopasuka kioo pembeni. Wa kunifundisha akawa mwalimu wetu wa sayansi, msichana wa Unguja mjini aliyekuja kwetu kwa ajira yake ya kwanza. Watoto walikuwa wakimuiga anavyosema, nami nilikuwa nawakataza, kisha nacheka nikiwa peke yangu.

"Bofya hapo, Mwalimu."

Kubofya nakujua. Nimebofya maembe na mapapai tangu utotoni nijue yameiva au bado. Nikaibofya simu kwa dole gumba mpaka ikazimika.

"Si hivyo, Mwalimu, iguse tu."

"Sasa umesema nibofye au niguse?"

Tukaja kwenye nywila, yaani lile neno la siri la kufungulia. Nikaandika neno langu, simu ikanijibu kwa maandishi mekundu kwamba nywila yangu ni dhaifu. Nimefundisha watu ambao sasa ni madaktari, halafu kitu cha kutiwa mfukoni kinaniambia mimi dhaifu! Nikaandika jengine. Dhaifu. Mwalimu wa sayansi alikuwa amejiuma mdomo asicheke. Mwishowe nikaweka jina la punda wa marehemu baba yangu na mwaka alionunuliwa. Ikasema ni imara. Yule punda alikuwa imara kweli.

Siku tuliyojaribu kwa mara ya kwanza, shangazi wa Kiuyu alisema, "Mwalimu, sauti twaipata, lakini twaona pua." Ikabidi simu itafutiwe pa kukaa, iuone ubao na mimi nionekane mzima. Nilijaribu kopo la chaki, ikaanguka. Nilijaribu vitabu, ikateleza. Nikachukua mbuzi ya kukunia nazi ya mke wangu, nikaisimamisha juu ya meza, na simu nikaifunga kwa mpira kwenye ule ulimi wake wa chuma. Ikasimama barabara. Mke wangu akakuna nazi kwa mbuzi ya jirani kwa miezi mitatu, na kila siku hakukosa kunikumbusha.

Mwalimu wa sayansi akanionya jambo moja. "Mwalimu, programu hii ni ya bure. Inatupa dakika arubaini, kisha inakata."

"Dakika arubaini ni kipindi kizima," nikamjibu. "Zinanitosha, na nyengine zinabaki."

Jumatatu ikafika. Nimevaa kanzu mpya, watoto thelathini na nane wametulia tuli. Kioo kikawaka, na pale kwenye mbuzi ya nazi akatokea yule msichana, nywele zimesukwa upya, amewekewa mito mgongoni. Hakuisahau sheria. "Assalaam alaykum."

Darasa likasimama. "Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh!" Dirisha likatikisika. Kisha, kama ilivyo ada, wakaanza kumuuliza hali, lakini wote kwa pamoja, na simu ikawa inatoa mngurumo tu. Nikawapanga mstari. Kila mmoja akaja mbele ya mbuzi kwa zamu yake: hujambo, bibi hajambo, shangazi hajambo, mguu je, waumwa, walala vizuri. Yeye akamjibu kila mmoja, na mwenye kujibiwa akapeleka salamu za mama yake. Sikuona ubaya wowote. Niliona darasa lenye adabu, kifua kikanipanda.

Walipokwisha, bibi akaingia ndani ya kioo. Akanisalimia. Akaniuliza mke wangu, watoto, marehemu, ng'ombe. Nami nikamuuliza wake. Mwalimu mkuu akapita, akaona haya kutomwamkia mtu mzima, akaingia naye. Nikageuka, nikashika chaki, nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri neno "Asilimia", nikaligeukia darasa. Kioo kilikuwa cheusi.

"Nini tena?"

"Dakika arubaini, Mwalimu," akasema mwalimu wa sayansi kutoka dirishani.

Jumanne tukasalimiana haraka kidogo, lakini majirani wa Kiuyu walikuwa wameshapata habari, na jirani akiwapo huwezi kumruka. Jumatano nilifika kwenye "Fungueni ukurasa wa." Ukurasa wa ngapi, hakusikia. Alhamisi bibi alikuwa na mafua, na mtu mgonjwa hasalimiwi nusu nusu. Wiki ikamalizika, tumesalimiana mpaka na mbuzi wa shangazi, na hesabu hata moja hatujafanya.

Mwalimu wa sayansi akanifuata chini ya ubao wa matangazo. Akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mngeziacha salamu. Akiingia tu, muanze somo. Na watoto tunaweza kuwazima sauti."

Damu ikanipanda. Kumzima mtu sauti akikusalimia ni kumziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia, "Huko kwenu mjini mnaingia majumbani kama paka, sisi hatuingii hivyo." Akainama, akaokota mkoba wake, akenda zake. Msichana wa watu alikuwa amekaa wiki nzima dirishani kunisaidia, na kipindi hicho ni chake cha kupumzika. Nililiona kosa langu hapo hapo, lakini nilikuwa nimeshakasirika, na mimi nikikasirika hunichukua muda kushuka.

Jumatatu iliyofuata nikawasha, nikangoja. Kioo kikabaki na uso wangu mwenyewe. Baada ya kipindi ukaja ujumbe wa sauti kutoka Kiuyu. Nikauweka sikioni nikiwa peke yangu, kwa bahati.

"Mwalimu, shikamoo. Bibi asema tusikuchosheni. Asema nitarudi mwakani. Mie leo sikutaka kuingia." Nikasikia cherehani ya shangazi kwa mbali. "Mwalimu, salamu zishafika. Hesabu je?"

Niliusikiliza mara tatu. Nimewahi kukaguliwa na watu wakali, nimewahi kuandikiwa barua za onyo, lakini hapana aliyewahi kunipiga penye mfupa namna ile. Nilimuahidi mtoto kwamba atakuwamo darasani, na nilichompa ni baraza.

Nikamwendea mke wangu, alikuwa akianika dagaa uani. Nikamweleza yote, na jinsi nilivyoona kwamba nikizifuta salamu nimejifuta mimi, na nikiziacha namfuta mtoto. Hakuinua kichwa.

"Siye tukifika pwani," akasema, "tukawakuta wenzetu washashika kitambaa, twatoa salamu. Wajibu wangapi?"

"Sijui. Wote?"

"Wakijibu wote, dagaa si wanakwenda zao? Hujibu mmoja, yule mkubwa wao, na yawatosha wote. Kwani weye hukusoma? Salamu ya jamaa hujibiwa na wangapi?"

Nilikuwa nalijua hilo tangu chuo cha Kurani, nikiwa mtoto wa miaka saba. Ni fardhi ya kutoshelezana: watu wakisalimiwa kwa pamoja, akijibu mmoja wao, wote wameshatoka katika deni. Nilikuwa nalijua na sikuwahi kulitumia. Nikambishia kidogo, kwa sababu sipendi kushindwa haraka. Nikamkumbusha miaka ile, na kwa nini nilitaka kila mtoto ajibu kwa ulimi wake.

"Miaka ile uliwalazimisha wote kwa kuwa hapana alotaka kujibu," akasema mke wangu. "Vitoto vino vyataka. Waogopa nini, yakhe?"

Nikamsaidia kugeuza dagaa.

Asubuhi yake nikamtafuta mwalimu wa sayansi kwanza. Nikamkuta maabara, ambayo ni kabati moja na meza, anahesabu chupa. Nikasimama mlangoni, nikatoa salamu, sikuingia mpaka alipoitika. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilikusema vibaya, na wewe ulinitakia kheri." Nikamweleza na habari za ile miaka, ambayo yeye alikuwa hajazaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nyau," akaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka miwani ikaanguka.

Darasani nikatundika karatasi ukutani, imeandikwa kwa mwandiko mkubwa: Zamu ya Kujibu Salamu. Kila siku jina moja. Mwenye zamu atawajibia wote, yeyote aingiaye. Nikayaandika majina thelathini na tisa, la yule msichana likiwa la tano. Mtoto mmoja akauliza vipi atajibu naye yupo Kiuyu. Nikamwambia hayo tutayaona.

Kazi iliyobaki ilikuwa bibi, na huyo hakuwa wa simu. Nikarudi Kiuyu mwenyewe. Tulipomaliza kuamkiana, na haikuwa muda mfupi, nikamweleza kuhusu mwenye zamu na kujibu kwa mmoja. Akanitazama.

"Vyo mie nisimwamkie mwalimu wa mjukuu wangu? Wenzangu watasema nini?"

"Hasha, Bi Mkubwa. Nitakupigia mimi, kwa ile simu yangu ndogo, kila asubuhi nikiwa njiani kwenda skuli. Tutaamkiana mpaka turidhike, wewe na mimi. Nikishaingia darasani, iwe mtoto na hesabu zake."

Akafikiri. "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na ng'ombe utanambia?"

"Na ng'ombe."

Akamgeukia mjukuu wake kitandani. "Haya, washa simu ya shangazi yako. Mwakani ina mambo yake." Msichana aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke nikamuona anacheka na meno.

Kuanzia hapo tukasoma. Akiingia yeye, "Assalaam alaykum," mwenye zamu anasimama peke yake, anaitika, anakaa, na chaki inaanza. Tukamaliza asilimia, tukamaliza uwiano, tukaingia kwenye maeneo. Mimi nikajifunza kuipiga picha kazi ya ubaoni na kuipeleka Kiuyu, nikajifunza kupokea daftari lake kwa picha na kulisahihisha kwa wino mwekundu wa ndani ya simu, ambao naukubali kwamba haupaki mikono. Siku nyengine mtandao ulikatika, nami nikaitukana simu, kisha nikaomba maghufira na kuwasha tena. Na mara nyingi, kwa kuwa tumebana mwanzo, mwishoni zilibaki dakika mbili tatu. Hizo nikawaachia. Watoto wanaisongea mbuzi ya nazi, wanapigiana makelele mpaka kioo kinaposema kwaheri chenyewe.

Siku zamu yake ya kwanza ilipofika, mwalimu mkuu akaja kutazama maendeleo, na mgeni nyuma yake. Akasimama kizingitini. "Assalaam alaykum." Watoto wote kimya, wamekaa kitako, mikono juu ya madawati. Uso ukaanza kumbadilika. Mara, kutoka kwenye mbuzi ya nazi, ikaja sauti nyembamba: "Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, Mwalimu Mkuu?" Yule mgeni aliruka hatua nzima nyuma. Mwalimu mkuu akaitazama mbuzi, akanitazama mimi, akasema, "Sijambo," na akaangalia huku na huku kana kwamba hajui amjibu wapi.

Plasta ilifunguliwa wiki moja kabla ya mtihani. Kiuyu hawakuwa na uhakika kama ataweza kukaa dawatini, na shangazi akaniambia nisimtegemee. Kwa bibi, asubuhi ya mtihani, nilipopiga simu, haikupokelewa. Nikasema ndiyo hivyo. Nikatembea mpaka skuli bila ya kumwamkia mtu yeyote ng'ambo ya pili, na njia ikawa ndefu.

Darasa lilikuwa limebadilishwa. Madawati yamepangwa mbalimbali, karatasi zetu zote zimebanduliwa ukutani, na msimamizi kutoka skuli nyengine ameshika bahasha iliyofungwa. Mimi niliruhusiwa kuwakalisha watoto tu, kisha nitoke. Dawati la mbele lilikuwa tupu. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka nilipoisikia gari inasimama nje, na sauti ya bibi ikimuamkia mtunza bustani, na mke wake, na watoto wake.

Akaja polepole kwa magongo mawili, tok, tok, mpaka kizingitini. Hapo akasimama, jasho limemtoka kwenye paji la uso, sare imembana kidogo kwa kuwa amerefuka akiwa amelala. Sheria ni sheria.

"Assalaam alaykum," akasema.

Hapana aliyesimama, hapana aliyejibu. Nikawageukia kwa hasira, siku kama hiyo, mtoto amekuja kwa magongo kutoka Kiuyu! "Nani mwenye zamu leo?"

Wakatazamana. Ile karatasi ilikuwa imeshabanduliwa, lakini wote waliijua kwa moyo. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Zamu yakwe mwenyewe, Mwalimu."

Naye pale mlangoni alikuwa anajua, maana alikuwa anatabasamu. Nikafungua mdomo nimjibu mimi. "Waalaykum salaam," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwengine. Basi wakasimama wote, bila ya mimi kuwaambia, thelathini na nane, kila mtu kwa ulimi wake, na dirisha likatikisika kama siku ile ya kwanza. Hujambo! Mguu je! Bibi hajambo! Kiuyu hawajambo! Kila mmoja anauliza na hapana anayengoja jibu. Msimamizi akatazama saa yake, akanitazama mimi, na mimi nikawa napangusa miwani.

Msichana akaingia, akaketi dawati la mbele, akayalaza magongo yake sakafuni. Akanyoosha mkono, kama siku ile ya mkaguzi.

"Mwalimu, salamu zishafika," akasema. "Hesabu je?"

Nikatoka nje, na msimamizi akafungua bahasha.